Karanga shuleni: tusikiharamishe chakula, tumlinde mtoto

Wiki hii safu yetu ya Afya na Usafi inafungua mfuko wa mtoto wa shule. Hatutazami madaftari. Tunatazama kile kibakuli cha mfuniko ulichomwekea alfajiri: chapati mbili, au maandazi, au mkate uliopakwa siagi ya karanga. Tunatazama pia zile kashata alizonunua kwa mama wa getini kwa hela ya saa nne.

Huko Uingereza, Canada, Marekani na Australia, shule nyingi zimeweka sharti kwamba mtoto asije na karanga wala chakula chenye karanga ndani yake. Ndugu zetu wanaoishi huko wanalijua vyema sharti hilo, na mzazi wa Dar es Salaam anayemsomesha mtoto shule ya kimataifa naye anaweza kukutana nalo. Sababu yake ni kwamba wapo watoto ambao karanga kidogo tu inaweza kuwaua. Basi lipo swali la haki kabisa ambalo mzazi anaweza kuuliza: Je, na sisi katika shule na madrasa zetu za Mbagala, Chamazi, Tandale, Tegeta na Bunju tupige marufuku karanga?

Jibu langu ni hapana. Lakini nakuomba usiishie hapo ukafunga gazeti. Anayesema hapana kisha akanyamaza amemwacha mtoto mwenye mzio peke yake. Ninachosema ni kwamba iko kazi nzito zaidi ya kuandika marufuku getini, na kazi hiyo katika sehemu nyingi hatujaianza.

Mzio ni kitu gani

Mwenyezi Mungu (s.w.) ameujaalia mwili wa mwanaadamu kuwa na askari wa kuulinda. Askari hawa kazi yao ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Kwa baadhi ya watu, askari hao hukosea. Hukiona chakula halali na kizuri kama karanga, yai, maziwa au samaki, wakakidhania kuwa ni adui. Kila mtu huyo anapokila, mwili hutoa kemikali nyingi kwa ghafla, na kemikali hizo ndizo zinazomdhuru. Hiyo ndiyo aleji, au kwa Kiswahili mzio. Mitaani tunasema, "samaki wanamkataa."

Dalili huanza ndani ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita tangu kula. Mtoto huwashwa, hutokwa na mabaka yaliyovimba, midomo na kope huvimba, tumbo humsokota, hutapika. Kwa wengi mambo huishia hapo. Lakini kwa baadhi, koo huvimba kwa ndani, kifua hubana, sauti hubadilika, mtoto hulegea na mapigo yake huwa dhaifu. Hali hii huitwa anafilaksia, yaani mshtuko wa mzio, na inaweza kuua kwa muda mfupi sana. Mtoto mwenye pumu yuko katika hatari kubwa zaidi.

Hapa inabidi tutenganishe mambo, maana kila kinachomdhuru mtu baada ya kula tunakiita aleji, na sivyo.

Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu. Hiyo ni sumu, inamdhuru kila anayekula, haichagui. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Karanga chungu, iliyokunjamana au yenye ukungu itupwe, wala usiisage kwa kuona hasara.

Vilevile jodari au vibua wakikaa juani bila barafu, ndani ya nyama yao hujengeka kemikali iitwayo histamini. Atakayewala hupata wekundu usoni, kuwashwa na kuumwa kichwa, akadhani ana mzio wa samaki. Kumkaanga samaki huyo hakuiondoi kemikali hiyo. Na yuko mtu ambaye maziwa humjaza gesi na kumharisha kwa sababu tumbo lake halimudu sukari ya maziwa. Huyo anapata taabu, lakini hatakufa kwa glasi moja. Mwenye mzio wa maziwa anaweza kufa. Ndiyo maana ni muhimu kumpeleka mtoto kwa mtaalamu aulizwe na apimwe, badala ya kukisia nyumbani.

Je, ni maradhi ya wazungu?

Wako wanaosema kwamba aleji ni maradhi ya wazungu na ya watoto waliodekezwa, na kwamba mtoto wa Kiafrika anakula kila kitu. Maneno haya yana chembe ya ukweli ndani yake, lakini yamekuwa hatari.

Watafiti wa Afrika ya Kusini waliwapima watoto wadogo wa mjini Cape Town kwa kuwalisha vyakula chini ya uangalizi wa madaktari, na wakawapima pia watoto wa kijijini katika jimbo la Eastern Cape. Mjini, watoto 2.5 katika kila 100 walithibitika kuwa na mzio wa chakula. Kijijini ilikuwa nusu ya mtoto katika kila 100. Kwa hiyo ni kweli kwamba kijijini mzio ni mchache. Lakini mjini upo, na waliokutwa nao ni watoto wa Kiafrika waliozaliwa na kukulia Afrika. Na chakula kilichoongoza hakikuwa karanga, lilikuwa yai. Karanga ilifuata nyuma yake.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: Mbagala ni kijiji? Tegeta ni kijiji? Watoto wetu wanazaliwa na kukulia mjini. Darasa moja katika shule zetu za pembezoni linaweza kuwa na watoto zaidi ya 100. Hata kama idadi kwetu ni ndogo kuliko ya Cape Town, katika shule yenye watoto 2,000 si jambo la kushangaza kuwakuta kadhaa.

Lakini tusizidishe upande wa pili pia. Watafiti waliowachunguza watoto wa shule nchini Ghana waligundua kwamba kipimo cha damu kilionyesha dalili ya mzio wa karanga kwa watoto wengi, ilhali waliodhurika kweli kwa kula karanga ni wachache mno. Sababu moja ni kichocho: mdudu wa kichocho huufanya mwili utengeneze kingamwili zinazokipotosha kipimo. Kichocho kipo hapa Tanzania pia. Kwa hiyo karatasi ya maabara peke yake isikufanye umnyime mtoto chakula maisha yake yote. Muulize tabibu: je, mtoto huyu ameshawahi kudhurika kwa kukila?

Kwa nini nakataa marufuku

Sababu ya kwanza ni lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa. Karanga ni miongoni mwa vyakula vya kujenga mwili ambavyo mtu wa kipato cha chini anavimudu. Nyama ya ng'ombe si ya kila siku, na yai moja halitoshi watoto wanne. Lakini karanga zilizosagwa zikiingia kwenye kisamvu, kwenye mchicha au kwenye uji wa lishe, zinaitosha nyumba nzima. Ukiifungia karanga mlango wa shule, atakayeumia si tajiri.

Sababu ya pili ni kwamba marufuku hailindi kama inavyodhaniwa. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, watafiti walilinganisha shule zilizokataza karanga na zile ambazo hazikukataza. Walichotazama ni mara ngapi watoto walilazimika kuchomwa sindano ya dharura ya mzio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kukataza kuleta karanga hakukupunguza sindano hizo. Zilizokuwa na idadi ndogo zaidi ni shule zilizotenga meza ya kulia kwa ajili ya watoto wenye mzio. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo kwa shule. Halikuhimiza kukataza vyakula shule nzima. Lilihimiza walimu wafundishwe, kila mtoto mwenye mzio awe na maelekezo yake kwa maandishi, na dawa ya dharura iwepo.

Sababu ya tatu ni kwamba karanga si mkosaji peke yake. Mwaka 2003 katika jimbo la Ontario, Canada, binti wa miaka 13 aitwaye Sabrina Shannon alifariki baada ya kula chipsi za shuleni. Hazikuwa na karanga. Alikuwa na mzio wa maziwa, na ilibainika kwamba koleo la kupakulia lilikuwa limeshika chakula chenye jibini. Kutokana na kifo chake, Ontario ilipitisha mwaka 2005 sheria inayojulikana kwa jina lake, inayozitaka shule ziwe na mpango wa kumlinda kila mtoto mwenye mzio mkali na kuwafundisha walimu. Na mwaka 2017 magharibi mwa London, kijana mwingine wa miaka 13 alifariki baada ya mwenzake kumrushia kipande cha jibini. Dawa yake iliyokuwa imehifadhiwa shuleni ilikuwa imepitwa na wakati.

Tazama basi. Wawili hawa bango la "hakuna karanga" getini lisingewafaa kitu. Bango hilo humfanya mzazi na mwalimu wajisikie salama, wakaacha kuuliza ni mtoto gani ana mzio wa nini.

Kwa hiyo yanayohitajika ni mambo manne: mtoto mwenye mzio ajulikane, chakula chake kisichanganywe na cha wenzake, mtu mzima aliye karibu naye ajue la kufanya, na dawa ijulikane iko wapi. Ikiwa katika darasa la watoto wadogo yumo mmoja mwenye mzio mkali, na wazazi wa darasa lile wakakubaliana kwa hiari yao kuacha kashata, huo ni wema wenye malipo. Lakini usiwe mbadala wa hayo manne.

Mfano tunao katika dini yetu

Katika mapokezi mashuhuri yaliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya mjusi wa jangwani iliyobanikwa, akauzuia mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alisema sivyo, bali ni chakula ambacho hakikuwepo katika ardhi ya watu wake na nafsi yake haikipendi. Khalid bin Walid (r.a.) akakivuta kwake akala, na Mtume (s.a.w.) anatazama.

Ndani ya tukio hilo mna adabu mbili. Ya kwanza, mmoja aliacha na mwingine akala, na chakula hakikuharamishwa kwa sababu ya yule aliyeacha. Ya pili, hakuna aliyemlazimisha aliyeacha. Hakuna aliyemwambia, "Kula tu, utazoea."

Hii ya pili ndiyo inayotushinda sisi. Mtoto anasema, "Nikila korosho koo linaniwasha." Shangazi anajibu, "Anadeka huyo, mpeni." Bibi anamsagia kwa siri kwenye uji ili "mwili uzoee." Ustadh anagawa kashata siku ya khitma, mtoto akikataa anaambiwa anaidharau neema. Mtoto akivimba uso, wanasema amepigwa jicho. Ndugu zangu, hatukatai kwamba husda ipo, na dua ni silaha ya Muumini. Lakini dua isomwe mkiwa njiani kuelekea hospitali. Tumefundishwa kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Na wanazuoni wetu wameijenga sehemu kubwa ya fiqhi juu ya msingi kwamba madhara huondoshwa. Kumlisha kwa nguvu mtoto aliyesema chakula kinamdhuru ni kuingiza madhara kwa mkono wako.

Wajibu wa mzazi

Kwanza, jua kilichomo ndani ya chakula. Hatari ya karanga haiko kwenye kashata tu. Iko kwenye unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi, ulezi, soya na karanga. Iko kwenye kisamvu, kwenye supu iliyoungwa na kwenye mashine ya mtaa iliyosaga karanga dakika tano kabla ya kusaga unga wako. Korosho zimo kwenye pilau na biriani za shughuli, na lozi zimo kwenye halua. Ufuta umo juu ya mkate na ndani ya kashata. Usiudharau: mwaka 2016 binti wa miaka 15 wa London, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate alioununua uwanja wa ndege bila viambato vyake kuandikwa. Kuanzia Oktoba 2021 sheria ya Uingereza inawataka wauzaji kuandika viambato vyote kwenye chakula kinachofungwa dukani kabla ya mnunuzi kukiagiza. Wewe unayefunga unga wa lishe nyumbani ukauza kwa majirani, huhitaji kusubiri sheria. Andika kwenye mfuko: mahindi, ulezi, soya, karanga. Huo ni uaminifu katika biashara.

Pili, mwandikie mwalimu wa shule na ustadh wa madrasa. Maneno ya mdomo husahaulika, na mwalimu hubadilishwa darasa. Karatasi fupi kama hii inatosha:

"Mwanangu ana mzio wa karanga na korosho. Asipewe kashata, uji wa lishe wala chakula cha mwenzake. Akianza kutapika ghafla, kuvimba uso au kupumua kwa shida, mlazeni, msimpe maziwa, mkimbizeni kituo cha afya, kisha nipigieni simu."

Weka jina la mtoto, darasa, namba za simu mbili na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Nakala moja iwe ofisini, moja kwa mwalimu wa darasa, moja ndani ya mfuko wa mtoto.

Tatu, mfundishe mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka sita anaweza kujifunza kusema, "Ahsante, siruhusiwi karanga, zinaniumiza." Mfunge chakula chake mwenyewe, na umwambie asibadilishane. Tunawafundisha watoto wetu kugawana, na hiyo ni tabia njema. Waambie pia kwamba mwenzao akisema chakula kile kinamdhuru, kumwachia ndiko kumtendea wema.

Wajibu wa shule na madrasa

Sisi ni watu wa sinia. Tunakula pamoja, na kula pamoja kuna baraka. Lakini kwenye sinia moja la pilau lenye korosho, mkono mmoja huzisogeza hadi upande wa pili. Mtoto mwenye mzio apakuliwe kwanza, kwa mwiko safi, katika sahani yake, akae pamoja na wenzake. Asipelekwe kula peke yake nyuma ya mlango kama mwenye kosa. Fanyeni hivyo kwenye futari ya Ramadhani, kwenye Maulidi na kwenye khitma.

Usafi wa mikono nao una nafasi yake hapa. Wengi wetu tunamwagiliwa maji kidogo kutoka kwenye birika, tunajifuta, tunaona tumenawa. Maji matupu hayaondoi vizuri mabaki ya karanga mkononi. Na vile vitakasa mikono tulivyovizoea wakati wa korona mwaka 2020 navyo havifai kwa kazi hii: vinaua vijidudu, lakini karanga si kijidudu, inabaki palepale. Kinachoiondoa ni sabuni na maji yanayotiririka. Kwa hiyo watoto wote wanawe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kula, na meza au mkeka ufutwe. Sabuni hiyohiyo itawakinga na kuhara na kipindupindu. Kwa kipande kimoja cha sabuni mmepata faida mbili.

Dakika za hatari

Mtoto akivimba uso pekee au akitoka mabaka tu, mtazameni kwa makini na mpelekeni akaonwe. Lakini akipumua kwa shida, akikoroma, sauti ikikwama, akitapika mfululizo pamoja na mabaka, au akilegea, hiyo ni dharura. Fanyeni haya:

Mlazeni chali, miguu iinuliwe juu ya mto au mkoba. Akitapika, mlazeni ubavu. Akiwa anahangaika kupumua, mwacheni akae akiwa ameegemea. Asisimamishwe wala asitembezwe, kwa sababu kusimama ghafla kunaweza kuuzimisha moyo wake.

Msimpe maziwa. Imani kwamba maziwa huua kila sumu imeenea mno mitaani kwetu. Mzio si sumu, na mtoto ambaye koo lake limevimba akinyweshwa kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Tena huenda maziwa ndiyo yenyewe yanayomdhuru. Msimpe mkaa, wala msimtapishe.

Msitegemee Piriton. Dawa hiyo inapunguza kuwashwa na mabaka, lakini haifungui koo wala hainyanyui presha iliyoshuka. Wapo wanaompa mtoto kidonge, wakakaa kusubiri, na dakika zikapotea.

Dawa yenyewe ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Ikihitajika hurudiwa baada ya dakika chache. Nchi tajiri wanayo katika kalamu maalumu ambayo mtoto hutembea nayo. Kalamu hizo ni ghali na kwetu si rahisi kuzipata. Mwenye uwezo wa kuipata aulize daktari wake na aangalie tarehe ya mwisho kila mwezi. Lakini adrenalini ya kichupa si dawa ya kitajiri. Ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo safari ni ya kituo cha afya, na iwe ya haraka. Kama chaguo ni bodaboda au bajaji, chukua bajaji, kwa sababu ndani yake mtoto anaweza kulazwa mapajani. Kwenye bodaboda atabanwa wima katikati ya watu wawili, na nimeeleza ubaya wa kukaa wima mtu aliyelegea. Mkifika msikae foleni. Semeni kwa sauti, "Mtoto amekula karanga, anashindwa kupumua." Akipata nafuu msidai kuruhusiwa haraka, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Madrasa nyingi husoma kuanzia saa kumi jioni hadi Magharibi, wakati ambao si kila zahanati ya mtaani iko wazi. Ulizeni leo, kabla ya tukio, ni kituo kipi cha karibu kinafanya kazi usiku na mchana, na kama adrenalini ipo. Wa Temeke wanayo hospitali ya rufaa ya mkoa pale Temeke, wa Kinondoni wanayo Mwananyamala. Lakini anayetoka Chamazi au Bunju jioni ya foleni asitegemee kufika huko kwa wakati. Ajue kilicho karibu naye.

Kwa mwenye mtoto mchanga

Zamani madaktari wa Marekani walishauri kwamba mtoto aliye katika hatari ya kupata mzio asipewe karanga mpaka afikishe miaka mitatu. Ushauri huo wa mwaka 2000 uliondolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 640 wenye dalili za kuelekea kwenye mzio. Waliolishwa karanga mapema, kuanzia umri wa miezi 4 hadi 11, walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana kuliko walionyimwa. Upungufu ulikuwa takriban asilimia 80.

Maana yake, yule mama wa Tandika anayemchanganyia mwanawe karanga kwenye uji anafanya jambo jema. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako pekee kwa miezi sita. Baada ya hapo usiicheleweshe karanga wala yai. Karanga iwe imesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji. Punje nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, itampalia. Anza kwa kijiko kidogo, mchana, ukiwa umekaa naye. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyo kali, au aliyewahi kudhurika kwa yai, umpeleke kwanza kwa mtaalamu.

Hii nayo ni hoja dhidi ya marufuku. Tukiifanya karanga iogopwe na kila nyumba, kina mama wataacha kuwapa watoto wachanga, na tunaweza kuuzidisha ugonjwa tunaoukimbia.

Neno la mwisho

Nawaomba wajumbe wa kamati za shule, maimamu na walimu wa madrasa waweke jambo hili katika kikao kijacho. Si ajenda ya siku nzima. Ulizeni maswali matatu: Ni watoto gani hapa kwetu wana mzio, na wa kitu gani? Nani kati yetu anajua dalili za hatari? Kituo kipi kina adrenalini jioni? Mkikosa jibu la moja kati ya hayo, mtafuteni tabibu au muuguzi wa msikiti wenu. Yupo, anaswali nanyi safu moja. Mwambieni afundishe baada ya Swala ya Ijumaa, kwa nusu saa.

Mama wa getini aendelee kuuza kashata zake, riziki yake ni halali. Mwanao aendelee kula uji wake wa karanga. Na yule mtoto mmoja ambaye punje hiyo ni hatari kwake, asome Qur'ani na hesabu akiwa na amani kwamba watu wazima waliomzunguka wanamjua. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiiq.